Jina la Mbele ya Pazia

Jumapili, 4 Januari 2026

Erukana kaandika! Miaka yote kimya, halafu leo asubuhi nakaanga mandazi, simu inalia: “Dada Balqees, tunakuja Muscat. Kampuni nzima. Jiandae.” Mandazi yameungua. Nansubuga, msichana anayetusaidia hapa nyumbani, kayaopoa. Kaniangalia tu. Nadhani nilikuwa nacheka peke yangu.

Kampuni yangu. Hebu mtu anisikie — “yangu”! Opera ya kuzunguka, makao yake Graz, Austria. Basi moja la watu, lori moja la mapazia na mavazi. Nilizunguka nao miaka kumi na miwili. Erukana aliingia baadaye, besi wa Kampala, kalelewa na kwaya ya kanisa, sauti inatoka chini ya ardhi. Siku hizi haimbi, anafundisha kwaya ya kampuni. Watakuwa hapa kwenye jumba la opera la Shatti, Jumanne na Alhamisi ya wiki ijayo.

Furaha imedumu mpaka chai. Nilimwambia Lamya. Nilitegemea atapiga kelele, maana huyu mtoto wa mdogo wangu Azzam nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, na mpaka darasa la tatu alikuwa halali bila kuimbiwa. Kasema, “Mashaallah,” akarudi kwenye simu yake. Halafu: “Shangazi, Ijumaa wakija kina mama yake Wael, tusizungumze sana mambo ya zamani. Sawa?”

Wael ndiye anayemposa. Mambo gani ya zamani? Nimeudhika kidogo.

Hapana. Nimeudhika sana.


Jumanne, 6 Januari

Nimeimba ndani ya gari, kutoka kwetu Ansab mpaka Al Khoudh, nikimpelekea Lamya kompyuta aliyoisahau. Anafundisha pale chuo kikuu. Gari ndilo chumba changu cha mazoezi. Vioo juu, kiyoyozi nazima, kiyoyozi ni adui wa koo. Kwenye taa bwana mmoja wa gari la pembeni kanitazama kwa huruma. Kadhani nagombana na mume. Sina mume, bwana, nina mazoezi.

Sauti ya juu imepungua, sijidanganyi. Ya katikati ipo. Ya chini, wallahi, imezidi kuwa nzuri. Miaka hamsini na tisa! Ningekuwa bado kule wangenipa mama wote na wachawi wote. Ndivyo tulivyo sisi wenye sauti nene za kike. Soprano, mwenye sauti nyembamba ya juu, anapendwa na kufa, sisi tunamzaa au tunamloga.

Leo basi lile limenijia kichwani bila kukoma. Soprano anakaa mbele, haongeleshwi siku ya onyesho, ukimwambia habari za asubuhi anakuonyesha koo lake kwa kidole. Nyuma kabisa wapiga tarumbeta na karata zao. Katikati mimi na Erukana, na Kiswahili chetu. Chake alikijua cha sokoni, kingine kajifunza kwangu, kwa hiyo alikuwa anaongea kama mtu wa Kampala aliyelelewa na shangazi wa Tabora. Tulikuwa tukiwasema wote humo ndani, wazi wazi, na tabasamu juu. Mpaka siku dereva alipogeuka na kutujibu “haya bwana” — kumbe katusikia mwaka mzima akakariri! Maribor, Udine, Klagenfurt, Linz. Miji mingine sikuijua sura yake, nilijua tu mlango wa nyuma wa ukumbi na harufu ya gundi ya ndevu za bandia.

Na Ramadhani ya Desemba! Kule Desemba jua linazama saa kumi na robo ya jioni. Raha iliyoje. Nafuturu nimevaa taji la malkia, tende ndani ya mkono wa gauni, Erukana kanishikia kikombe cha maji nisije nikachafua mavazi. Alikuwa akifunga na mimi siku mbili tatu, kisha anasema Yesu kamruhusu ale.

Niandike na hili, maana nani atasoma. Kwenye mabango sikuwa Balqees. Nilikuwa Bella Tabor. Mzee, baba yangu, alinipeleka Austria kusoma ufamasia, kwa fedha ya serikali. Nikasoma miaka miwili, nikahamia chuo cha muziki. Alipojua hakunifokea. Angefoka ingekuwa nafuu. Alisema kwenye simu: “Imba basi. Lakini jina langu liache nyumbani.” Meneja wa wakati huo kaniuliza nimezaliwa wapi, nikasema Tabora, akakata herufi moja. Basi. Miaka yote ile walipiga makofi, wakaita, “Tabor! Tabor!” na mimi nikainama kwa niaba yake.

Hapa Muscat mzee akaendelea kuwaambia watu binti yake ni mfamasia Ulaya. Nami sikumkatalia, Mungu amrehemu.


Ijumaa, 9 Januari

Wamekuja. Wameondoka. Hasira bado ninayo, na harufu ya udi imejaa mpaka kabatini.

Mama yake Wael anaitwa Bi. Nouf. Mwanamke mnene, mkunjufu, ana kicheko cha kweli. Nimempenda, ndilo linaloniuma. Wazee wao walitoka Unguja, Kiswahili chake kitamu, anakisema haraka haraka na Kiarabu katikati. Mumewe husalisha msikiti wa mtaa wao. Walikuja wanawake watano. Tumewapa halwa, sambusa, kahawa, tumesifiana watoto. Malka, yaani kufunga ndoa, wanataka iwe kabla ya Ramadhani. Azzam kakubali, mimi nimekubali, Lamya yuko mbinguni kwa furaha.

Kisha Bi. Nouf kanisogelea kwenye kochi, kafungua mkoba, katoa vidonge. Si viwili. Mfuko mzima!

“Bi. Balqees, mwenzangu, nimekuwekea wewe tu. Lamya kanambia wewe dakitari wa madawa, umesomea ng'ambo. Hebu nitazamie. Hichi cheupe nnakunywa asubuhi, hichi cha manjano usiku, na hulba, uwatu, nnakunywa juu yake. Vinagombana?”

Nikamtazama Lamya. Yuko mlangoni na sinia. Macho yake yameniomba kwa nguvu zote.

Nimevishika vile vidonge, nimevigeuza geuza, nimetikisa kichwa — kwa kutojua! Miaka miwili niliyosoma ilikuwa ya maua na mizizi, na nusu yake nilikuwa naimba maktaba. Nikasema, “Muulize daktari wako, bibi, yeye ndiye anayekujua.” Kasifu: ati ndivyo wasemavyo wasomi wa kweli, hawavamii. Wenzake wote wakaitikia.

Nimesimama jukwaani mbele ya maelfu na nyoka wa mpira shingoni. Sikuwahi kujisikia muongo hivi.


Jumamosi, 10 Januari

Nimemkabili Lamya. Jikoni, nimefunga mlango.

Hakukataa. Kasema si uongo, shangazi, ulisoma. Kasema babu mwenyewe alikuwa akisema hivyo, nyumba nzima inasema hivyo, yeye kakuta hivyo. Kasema angeanzaje: shangazi yangu alikuwa akivaa magauni wazi na kuimba usiku kwenye kumbi za Ulaya? Kwa watu wenye baba msalishaji?

Nikamuuliza: “Na wewe? Wewe unaonaje?”

“Mimi nakupenda.”

Sikumuuliza hilo.

Nilishuka kwenye basi kwa ajili ya mtoto huyu. Udine, simu ya mapokezi ya hoteli, Azzam analia: mke wangu kafa, Lamya hataki kula. Jioni ile tulikuwa na onyesho. Nikaimba, asubuhi nikashuka. Sijutii, na wala simdai. Lakini aniite mfamasia!


Jumatatu, 12 Januari

Siku ya vituko.

Asubuhi Lamya kaja chumbani kwangu amepauka. Wael kampigia: mama yake ameacha kidonge cheupe tangu Ijumaa. Kwa nini? Kwa sababu shangazi yake Lamya kakitazama na kutikisa kichwa! Cheupe chenyewe ndicho cha presha. Jana kapata kizunguzungu bafuni, kashika ukuta.

“Mpigie sasa hivi,” nimemwambia. “Mwambie akirudie, aende na hospitali, mwambie mimi sijui chochote.” Kapiga. Nimesimama pale pale nikisikiliza. Kasema, “Shangazi anasema akirudie leo leo, na aende akapimwe.” La “sijui chochote” kaliruka. Na upande wa pili namsikia Wael anashukuru, anashukuru.

Bi. Nouf kaenda, kapimwa, mzima, alhamdulillahi. Sasa ananisifu kwa kumfuatilia. Nikicheka nitalia.

Mchana Erukana kaja kula. Nywele nyeupe zote! Kitambi! Tumesimama barazani tukitazamana kama watu wawili waliokuja kuchukua mzigo mmoja. Kisha yeye: “Banange, jamani dada, sisi ndio wazee wa siku hizi?” Nikaanza kucheka na sikuweza kuacha. Nansubuga alipomsikia akatoka jikoni mbio, wakaanza Kiganda mpaka pilau ikapoa. Erukana kamuuliza katoka wapi, ukoo gani, anasali wapi. Sijawahi kumuona yule msichana anacheka na meno yote.

Azzam kamkaribisha vizuri. Wanajuana: mwaka wa tisini na tano Azzam alikuja Graz, akakaa kiti cha pembeni, akanisikiliza mapazia yote matatu, yaani sehemu zote za opera. Alipotoka, macho mekundu, akasema, “Humu ndani baridi nyingi.” Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, nami nimeitunza.

Opera waliyokuja nayo ni ile ile yetu. Iliandikwa kwa ajili ya kampuni, haiimbwi popote pengine: mama mwenye wana wawili wanaogombea kiti cha baba yao, naye yuko katikati. Mama yule mimi ndiye niliyemwimba mara ya kwanza. Sasa anamwimba msichana wa Hungaria. Erukana kasema ni mzuri ila anakunywa maji ya barafu, hasikii. Kaniletea tiketi ya kesho.

Lamya katuandalia chai. Kasema kwa sauti ya chini kuwa kina Wael wamepata tiketi za Alhamisi, ofisini kwake. Bi. Nouf anataka kuliona lile jumba, mataa yake na marumaru yake. Mumewe hataki, ila kamwachia aende na watoto. Na Lamya kaalikwa.

“Kuona ni kuona tu,” kasema, kama mtu anayejibu swali. Hakuna aliyeuliza.


Jumatano, 14 Januari, asubuhi

Jana nilikwenda. Nilikaa na mikono chini ya mapaja ili nisiendeshe muziki.

Pazia la kwanza nimelia kwa sababu ya fanicha. Kiti cha enzi ni kile kile! Mguu wake wa kushoto nilikuwa nikiufunga kamba mwenyewe. Yule msichana anaimba vizuri. Sauti yake ni changa kwa mama yule, lakini ni ya kweli. Pazia la pili nikasikia: kuna mchanga kooni. Mtu mwingine asingesikia. Mimi nilianza kumeza mate kwa niaba yake. La tatu, pale mama anapowaita wanawe kwa majina, noti ya juu ikakatika. Akaifanya kilio. Akili! Watu wakapiga makofi zaidi. Mimi nilijua kesho hatakuwa na sauti.

Sijafurahi. Nataka niliandike hilo, maana nimejichunguza. Sijafurahi.


Jumatano, mchana

Erukana kapiga. Daktari kamkataza msichana kutoa hata mnong'ono siku kumi. Wa kuimba badala yake hakuna. Hakuna mtu dunia hii anayeijua nafasi hiyo ila mimi na mama mmoja wa Linz aliyevunjika nyonga.

Kasema: “Dada, nusu saa tu nisikilize. Hutavaa mavazi. Hutapanda jukwaani. Utasimama pembeni na kisimamio cha nota, na taa ndogo. Yeye atacheza, atafungua mdomo. Wewe utamwimbia.”

Najua! Anamwambia nani? Mimi nilimwimbia mtu pembeni Klagenfurt, na Linz mara mbili. Ni kazi ya ajabu. Macho yako yako mgongoni mwake, unavuta pumzi anapoinua mabega, mpaka mwishoni hujui nani kachoka.

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Mdomo wangu ulisema, si mimi. Halafu kikanijia kile kitu kingine na nikakaa chini kwenye ngazi.

Jina. Kwetu hili halina mjadala: anayeimba badala ya mgonjwa hutangazwa. Kabla pazia halijafunguka mtu anatoka mbele, anasema fulani anaumwa, atacheza tu, na sauti mtakayosikia ni ya fulani. Ni heshima ya mwimbaji na ni haki ya aliyekuja kusikiliza. Hapa watatangaza kwa Kiarabu na Kiingereza. Bi. Nouf atakuwa kakaa katikati ya ukumbi na Lamya pembeni yake.

Nimewaeleza baada ya chakula. Lamya hakupiga kelele. Kaweka kijiko chini taratibu, kama anamlaza mtoto.

“Si ulikuwa na jina jingine?” kasema.

Alikuwa mdogo sana nilipomhadithia habari za Bella Tabor. Kumbe kalihifadhi mpaka leo lije kumfaa.

“Litumie hilo, shangazi. Nakuomba. Utaimba, nitakusikia, na hakuna atakayejua. Utakuwa gizani pale pembeni, umejifunika. Nani atakutambua?”

Nikamgeukia Azzam. Kwa nini nilimgeukia? Nilitaka kiti cha pembeni cha Graz kiseme. Akasema polepole, bila ubaya: “Dada, huyu atakaa na watu wale maisha yake yote. Wewe utaimba jioni moja.”

Na ana haki! Ndilo balaa lenyewe. Kila mtu ana haki katika nyumba hii. Mzee naye alikuwa na haki yake.

Nimempigia Erukana. “Mwambie meneja wako atangaze Bella Tabor.” Nikasikia anapumua, pumzi ndefu za besi. “Bella Tabor hata pasipoti hakuwa nayo,” kasema. “Mimi ndiye nilikuwa nambebea sanduku.” Kisha, kwa upole: “Sawa, dada. Jina ni lako mwenyewe, liweke unavyotaka.”

Mchana wote nimekunywa maji ya moto na asali. Nimefunga koo kitambaa. Nansubuga kaniwekea taulo na sufuria ya mvuke bila kuambiwa. Kaniuliza kwa nini nimenuna na ninakwenda kuimba. “Kwetu mama akisimama mbele kanisani, ukoo mzima unakuja na kamera,” kasema. Nikamwambia achunge sufuria, isimwagike.


Alhamisi, 15 Januari, mchana

Mazoezi na piano, jumbani. Niliimba nusu sauti tu, kuitunza, lakini kwenye wito wa majina nilijaribu mara moja yote. Ipo! Ya juu si ya zamani, ina ukingo, inachubua kidogo. Mama yule anastahili ichubue. Kondakta wa muziki, mtoto wa juzi, kasimamisha piano akaniuliza nilikuwa wapi siku zote. Nikamwambia, “Ansab.” Kaandika pahala, nadhani atapatafuta kwenye ramani.

Yule msichana wa Hungaria kanishika mikono miwili. Hawezi kusema, kwa hiyo kanishika tu. Tumepanga pumzi zetu. Nimemwonyesha pale ninapovuta kwa siri, katikati ya neno, yeye ageuke nyuma kidogo. Kaelewa mara moja. Anaumia kuliko mimi, na yeye jina lake litatajwa.

Nilikuwa na furaha mchana huu. Naandika ili isije ikakanushwa baadaye.


Alhamisi, jioni, chumba cha kuvalia

Wamenipa chumba chenye kioo kikubwa na televisheni ndogo ukutani inayoonyesha jukwaa, ili ujue zamu yako. Pazia limefungwa. Mafundi wanapita na mikanda yao. Nimevaa abaya nyeusi mpya na shela nyeusi. Lamya kaninunulia mwenyewe leo. Hana bei leo, kila kitu anafanya. Kanibusu mkono kwenye gari. Nilimshusha lango la mbele wanakokutana, mimi nikazunguka nyuma.

Mlango wa nyuma wa ukumbi. Huo naujua miji yote.

Kaja Samir, wa jumba hili, ndiye atakayetangaza. Kanzu yake ya dishdasha imenyooka, kilemba kimefungwa kisanii, adabu mpaka inachosha. Kaniuliza kwa Kiarabu jina linatamkwaje. Nikamtamkia: Bella Tabor. Kaliandika kiganjani. Kisha kaniangalia, kaniangalia tena, akauliza kwa Kiswahili, taratibu: “Samahani, mama, lakini wewe si mtu wa hapa? Sauti hii ya kwetu.”

Nikasema, “Nimepita tu.”

Kainamisha kichwa na kutoka. Mwenyewe nikajitazama kiooni na kusema, haya, limekwisha. Lamya kasalimika. Nitaimba, nitarudi nyumbani, nitakuwa shangazi kwenye harusi, nitaonyeshwa vidonge mpaka nife.

Nilianza kupasha sauti. Midomo, pua, kifua. Inakwenda vizuri. Nilifikiri: mtu anaweza kuishi hivi, mbona nimeishi.

Sasa hivi ujumbe wa Lamya.

“Shangazi tumeshakaa. Ahsante kwa yote Mungu akulipe. Mama yake Wael kakuulizia, nimemwambia kichwa kinakuuma umebaki nyumbani. Kasema kesho atakuja kukutazama.”

Nimeusoma. Nimeiweka simu kifudifudi mezani. Nimeichukua, nimeusoma tena.

Kichwa hakiniumi. Siko nyumbani.

Nitaimba hatua chache kutoka alipokaa mtoto niliyemlea na ataambiwa na jirani yake, mashaallah sauti gani hii, naye atasema, sijui ni nani. Si kwa ubaya. Kwa mapenzi! Na kesho Bi. Nouf atakuja na machungwa, na mimi nitajilaza kitandani, nijifunge kitambaa kichwani, niugue. Nitaigiza. Miaka yote ile sikuwahi kuigiza nyumbani kwangu, kazi hiyo niliiacha jukwaani kila siku pamoja na mavazi.

Naumia. Naumia, na nina hasira na wote, na mzee pia, Mungu anisamehe.

Na Lamya je? Nikitajwa, malka itakuwepo? Sijui. Bi. Nouf ana kicheko cha kweli, lakini kuna mumewe, kuna shangazi zao, kuna watu. Huenda nikamvunjia mtoto nyumba kabla haijajengwa. Atanichukia. Anaweza kunichukia, ana damu ya babu yake. Najua hayo yote, nayaandika kwa akili timamu.

Kengele ya pili. Erukana kagonga, kachungulia, kaona uso wangu. Kasema, “Nipo kwenye kona ya kushoto, na maji,” akaenda.

Televisheni inamwonyesha Samir. Yuko nyuma ya pazia, anajipangusa bega, anaangalia kiganja chake. Midomo inacheza. Analifanyia mazoezi jina, maskini, asilikosee. Mwendesha jukwaa kamwonyesha vidole: bado kidogo.

Kutoka hapa mpaka kwa Samir ni korido na ngazi za chuma. Atataka jina langu kamili, la baba na la babu, na ukoo. Watu wa hapa hawaelewi jina nusu. Nimelisema kwa sauti hapa chumbani, lote, kama linavyotangazwa. Ni refu. Linataka pumzi mbili.

Taa za ukumbi zimeanza kushuka. Viatu hivi huwezi kukimbia navyo. Nimevivua.